Mtoto Mwenye Aleji Kali ya Chakula: Mwongozo kwa Wazazi wa Mombasa

Mtoto wa Mombasa hali kwao peke yake. Asubuhi amekunywa chai nyumbani, saa nne amekula shuleni, alasiri akitoka chuo cha Kurani amepitia kwa bibi yake, na magharibi jirani anapiga hodi na sahani iliyofunikwa kawa. Ndiyo raha ya kulea huku kwetu. Lakini kama mtoto wako akionja njugu au kamba anafura koo na kukosa pumzi, kila sahani kati ya hizo ina swali lake.

Ninalea mtoto wa namna hiyo, sasa yuko gredi ya tano, na ninaloliamini kuliko yote ni hili: jiko lako utalitengeneza kwa siku chache, ila kazi yenyewe iko kwa watu wanaompenda mtoto na kumlisha kwa mapenzi. Hao ndio wa kufundishwa, kwa sababu hao ndio watakaokuwa karibu naye siku ya siku. Hatua nimezipanga kwa utaratibu, lakini ikiwa leo una haraka, soma kwanza ya tatu na ya nne.

Hatua ya 1: Tofautisha aleji na mambo mengine

Aleji ya chakula, au mzio, ni kinga ya mwili kukichukulia chakula kama adui. Dalili huja upesi, kwa kawaida ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula: mabaka ya kuwasha yaliyoinuka, midomo na macho kufura, kutapika, kikohozi cha ghafla, sauti kukwama, kifua kulia filimbi, mwili kulegea. Mara nyingi zinakuja mbili tatu kwa pamoja. Mtoto anayesokotwa na tumbo na kujaa gesi kila akinywa maziwa, bila upele wala shida ya pumzi, huenda tumbo lake halimudu sukari ya maziwa. Hilo linasumbua, lakini halimwui mtu.

Pwani tuna jambo jingine la kuangalia. Jodari au nguru aliyekaa juani tangu aliposhushwa chomboni hujaa histamini, kemikali inayowasha mwili, na anayemla huwiva uso, huwashwa, kichwa humuuma na moyo humwenda mbio. Ukimtazama utaapa ni aleji. Tofauti yake ni kwamba mara nyingi wanaougua ni wengi waliokula sinia lilelile, na siku nyingine mtoto akila samaki aliyevuliwa siku hiyo, aliyehifadhiwa vizuri, hana neno. Kupika hakuondoi sumu hiyo, hata umkaange mpaka akauke.

Mtoto akifura uso katikati ya harusi, wapo watakaosema amepigwa jicho. Dua haina ubaya, msomeeni. Lakini msomeeni mkiwa njiani kwenda hospitali.

Vyakula vinavyoongoza kwa mizio mikali ni maziwa ya ng'ombe, mayai, njugu, jamii ya korosho na lozi, ngano, soya, samaki, jamii ya kamba na kaa, na simsim. Simsim ndiyo tunayoisahau. Marekani iliiongeza kwenye vyakula ambavyo ni lazima vitajwe kwenye pakiti kuanzia Januari 2023.

Hatua ya 2: Pata jina la aleji kwa daktari

Kabla ya kwenda, andika. Alikula nini, saa ngapi, dalili ya kwanza ilikuwa ipi na ilikuja baada ya muda gani, ulimpa dawa gani, alipoa lini. Piga picha upele kwa simu, maana ukifika kwa daktari kesho yake ngozi imeshatulia na huna cha kumwonyesha. Ikiwa alikula kitu cha pakiti, hifadhi pakiti.

Anza na daktari wa watoto, iwe Coast General, Aga Khan, Pandya, au hospitali ya mtaani kwako itakayokuandikia rufaa. Mabingwa wa mzio ni wachache nchini, huenda ukaelekezwa Nairobi. Vipimo vinavyoaminika ni viwili: kuchomwa kidogo juu ya ngozi kwa tone la chakula kinachoshukiwa, na kipimo cha damu cha IgE, yaani kingamwili zinazoamsha aleji. Vyote viwili vinaweza kuonyesha ndiyo kwa chakula ambacho mtoto anakila kila siku bila shida, kwa hivyo majibu yasomwe pamoja na yale uliyoyaandika. Kukiwa na utata, daktari humlisha mtoto chakula hicho hospitalini kidogokidogo huku anamwangalia. Jaribio hilo usilifanye nyumbani hata siku moja.

Kuna maabara zinazouza kipimo cha IgG, kingamwili za aina nyingine, cha vyakula vingi kwa mkupuo mmoja. Usipoteze pesa yako. IgG inaonyesha tu kwamba mtoto amewahi kukila chakula hicho. Nimeona watoto wakinyimwa maziwa, mayai, ngano na maharagwe kwa karatasi ya namna hiyo mpaka wakakonda, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kikiwadhuru.

Na kama mtoto ana pumu, itibiwe barabara. Pumu isiyodhibitiwa huzidisha sana hatari ya aleji ya chakula kuua.

Hatua ya 3: Adrenalini iwe karibu

Dawa ya kwanza ya mzio mkali ni moja: adrenalini, kwa sindano ya msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Inakaza mishipa ya damu iliyolegea, inafungua njia ya hewa na kupunguza uvimbe. Piriton na setirizini, dawa za kawaida za aleji, zinatuliza kuwashwa na mabaka, basi. Haziwezi kufungua koo linaloziba wala kuinua presha inayoshuka. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nyumba nyingi zina Piriton kabatini, na mtoto akianza kufura hupewa Piriton halafu watu wanakaa kumtazama kama itafanya kazi. Dakika hizo za kutazama ndizo zinazowapoteza watoto.

Kuna kalamu za adrenalini zenye kipimo tayari, kama EpiPen: za miligramu 0.15 kwa watoto wadogo na za 0.3 kwa wakubwa. Huku kwetu ni adimu na ghali, na familia nyingi huletewa na jamaa walio Ulaya au Ghuba. Ukiletewa, soma maelekezo ya kalamu hiyohiyo uliyonayo, maana hazifanani moja kwa nyingine, na uangalie tarehe kabla jamaa hajaondoka.

Iliyo rahisi kufikiwa ni ampuli, kile kichupa cha kioo cha mililita 1 chenye miligramu 1 ya adrenalini. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na kalamu. Mwombe daktari akuandikie, kisha yeye au muuguzi akufundishe kuivunja shingo, kuivuta kwenye bomba la sindano na kuchoma. Usiondoke kabla hujafanya mwenyewe mbele yake.

Kanuni wanayotumia madaktari ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, na mtoto hapewi zaidi ya 0.3 kwa mara moja. Mtoto wa kilo 15, kwa mfano, hupata 0.15, ambayo kwa ampuli hiyo ni mililita 0.15. Lakini kipimo cha mtoto wako akiandike daktari, na kila akiongezeka uzito kiandikwe upya. Tumia bomba la mililita 1. Bomba la insulini usiliguse kwa kazi hii: alama zake zinahesabu yuniti za insulini, si mililita, na sindano yake ni fupi, haifiki kwenye msuli. Piga alama kwenye bomba kwa kalamu ya wino usiofutika, pale pale kipimo cha mtoto kinapoishia, ili hata dada wa kazi akiwa na hofu asihitaji kusoma tarakimu. Fanya mazoezi kwa chungwa na ampuli za maji ya sindano mpaka mikono izoee.

Sasa joto letu. Adrenalini inataka nyuzi 20 hadi 25, na hata ikizidi isipande juu ya 30. Januari hadi Machi, nyumba ya bati Kisauni au Likoni inapita hapo kabla ya adhuhuri. Friji nayo haifai, baridi inaiharibu. Mimi ninaiweka kwenye kimfuko kile cha kubebea chakula chenye ukuta mnene, kabati la chini, chumba kisichopigwa na jua la jioni. Garini usiiache kamwe. Ikae ndani ya boksi lake kwa sababu mwanga unaiunguza. Kila mwanzo wa mwezi itazame: iwe safi kama maji. Ikigeuka rangi ya waridi au kahawia, badilisha. Na ziwe dozi mbili kila wakati, pamoja na mabomba mawili, zinazosafiri na mtoto popote aendapo.

Hatua ya 4: Andika mpango wa dharura

Uwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Mmoja ukutani jikoni, mmoja kwenye kimfuko cha dawa, mmoja shuleni. Wa kwetu unasema hivi:

1. Akiwa na shida ya pumzi, sauti kukwama, ulimi kufura, kulegea, au upele pamoja na kutapika: CHOMA ADRENALINI SASA. Ukiwa na shaka, choma.
2. Mlaze chali, miguu iinuliwe. Anapumua kwa shida, mkalishe. Anatapika au amezirai, mlaze ubavu.
3. Angalia saa, uandike.
4. Piga simu. Msalaba Mwekundu ni 1199. Dharura ni 999 au 112.
5. Zikipita dakika 5 hadi 15 hajapata nafuu, choma ya pili.
6. Ana pumu, mpe inhela yake baada ya adrenalini, isitangulie.
7. Nenda hospitali hata akiwa amechangamka.

La pili ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa linakwenda kinyume na silika yetu. Mtoto akizidiwa, mtu mzima wa kwanza humnyanyua, humweka begani na kukimbia naye barabarani kutafuta boda. Mtoto aliyeshuka presha akiinuliwa wima ghafla, moyo unakosa damu ya kusukuma, na anaweza kukatika pale pale begani. Asisimame, asitembee, hata kama anasema anaweza. Boda haimfai kwa sababu hapawezi kulazwa mtu. Tuktuk inafaa: alazwe kiti cha nyuma, kichwa kwenye paja la mmoja wenu, miguu juu ya begi. Uwe na namba za madereva wawili wa mtaani wanaojua nyumba yako.

La saba ni kwa sababu mzio unaweza kutulia kisha ukarudi baada ya saa kadhaa bila kula chochote kipya. Waambie hospitalini mtoto amepata mzio mkali na adrenalini amechomwa saa fulani, na uombe abaki chini ya uangalizi.

Ukiwa Likoni, hospitali yako ya dharura iwe upande wa Likoni. Usipange maisha ya mtoto juu ya feri. Aliye Bamburi au Kongowea asihesabie kuvuka daraja la Nyali saa kumi na moja jioni. Nenda mara moja mwenyewe, saa ya foleni, mpaka mlango wa dharura wa hospitali uliyoichagua, uone unachukua muda gani, na uulize ana kwa ana kama wana adrenalini usiku.

Na yasiyofaa pia yaandikwe: asipewe maziwa, asipewe mkaa, asitapishwe, asimwagiwe maji.

Hatua ya 5: Panga jiko

Habari njema kwanza: nazi. Mzazi akiambiwa mtoto ana aleji ya njugu au korosho, wa kwanza kufukuzwa jikoni huwa ni nazi, na mtoto wa pwani bila nazi ana shida ya bure. Wengi wa watoto hawa wanakula nazi salama. Mwulize daktari, na akikubali, mbaazi za nazi na samaki wa kupaka virudi mezani. Tena njugu ni jamii ya kunde wala si ya korosho. Mwenye aleji ya moja si lazima awe na ya nyingine. Korosho na pistachio, hizo ni ndugu, anayedhuriwa na moja aepuke zote. Kamba, kaa na kamba koche vilevile huenda pamoja. Pweza na ngisi ni wa jamii tofauti, waulizie kivyao. Na maziwa ya mbuzi si mbadala wa ya ng'ombe: karibu kila mtoto mwenye aleji ya moja hudhurika na ya pili.

Unga wa uji ndio ninaotaka ukae nao kwa makini. Ule wa lishe unaosifiwa kwa watoto mara nyingi ni wimbi, mtama, mahindi, soya na njugu, na wengine hutia dagaa, vyote vimesagwa pamoja. Usipotajiwa, hutavijua kwa kuangalia. Hata ukipeleka wimbi lako safi kwenye mashine, mawe yametoka kusaga njugu za aliyekutangulia, na vumbi lake linatoka na unga wako. Saga nyumbani kwa mashine yako ndogo. Garam masala na bizari ni hivyohivyo: nunua nzima Marikiti, chagua kwa mkono, twanga mwenyewe.

Ikiwa wengine nyumbani wanakula kile kinachomdhuru, mtoto awe na sufuria, mwiko, ubao wa kukatia na kitambaa vyake, vya rangi moja. Chakula chake kipikwe kwanza. Mafuta yaliyokaanga kamba yasikaange viazi vyake. Kwa baadhi ya watoto, hata mvuke wa kamba au samaki wanaochemka unaamsha kifua, basi siku hiyo akacheze nje. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni. Jeli ya kuua viini haiondoi njugu vidoleni, inaisambaza tu.

Kliniki nako useme. Mtoto akishuka uzito akaandikiwa chakula cha tiba cha pakiti, kile cha Plumpy'Nut kimetengenezwa kwa njugu na maziwa. Chanjo ya surua mwenye aleji ya mayai anapata kama kawaida, ila ya homa ya manjano ina chembe za yai, ijadiliwe na daktari kwanza.

Hatua ya 6: Chakula cha njiani

Simama kidogo kwa muuza viazi karai, utazame. Viazi vimechovywa kwenye ute wa unga wa dengu, vinaingia karai. Dakika tano baadaye katika mafuta yaleyale anatia katlesi zilizopakwa yai, na pengine mchana yalikaanga samaki. Kijiko cha kuopolea ni kimoja. Pembeni kuna bakuli la chatini na upawa unaotoka bakuli hadi bakuli. Mama huyu hajakosa lolote, ndivyo kazi ilivyo. Ukimwuliza "Mna mayai ndani?" atakujibu hapana, na atakuwa anasema kweli, kwa kuwa kwenye viazi hamna. Swali ni hili: "Mama, mafuta haya yamekaanga nini tangu asubuhi?"

Vilivyo hatari kwa wingi barabarani kwetu ni kashata, visheti, chevda, halua yenye lozi au simsim, aiskrimu za kuchotwa kwa kijiko kimoja, na juisi zinazotoka kwenye mashine iliyosaga maziwa na njugu. Tunda lililomenywa mbele yako, dafu lililokatwa mbele yako, mahindi ya kuchoma bila kupakwa kitu: hivyo mtoto wangu anakula.

Mkate nao uulizwe. Mwaka 2016 msichana wa Kiingereza wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate alioununua uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Simsim ilikuwa ndani ya kinyunga kilichookwa, na kwenye karatasi haikutajwa. Wazazi wake wakapigania sheria, na tangu Oktoba 2021 chakula kinachofungwa dukani kule lazima kiandikwe viungo vyote. Wetu unatoka tanuri la mtaani ndani ya gazeti, hauna cha kusoma. Mwokaji ndiye wa kuulizwa.

Hatua ya 7: Bibi, jirani na futari

Mazungumzo na bibi yanafanana nyumba nyingi. Unamwambia mjukuu wake akila njugu koo linaziba. Anakujibu: "Zamani maradhi haya hayakuwepo. Mpe kidogokidogo, atazoea." Usibishane naye kuhusu zamani. Bishano hilo hulishindi, na hata ukilishinda mtoto hajapata faida. Mpe cheo. Mwambie: "Mama, mtoto akiwa hapa, mlinzi wa chakula chake ni wewe. Mtu asimtie kitu mdomoni mpaka wewe umesema." Kisha mwonyeshe dawa, umfundishe mkao wa kumlaza, umpe chungwa na bomba la mazoezi naye ajaribu. Bibi aliyepewa kazi hiyo hampiti mtu. Shangazi aliyekuja na kashata mfukoni ataambiwa azirudishe mkobani kabla hujafungua kinywa.

Ramadhani inataka matayarisho mapema, tangu Shaabani, kabla mambo hayajachanganya. Tuma sauti kwenye kikundi cha WhatsApp cha jengo au mtaa, fupi, kwa heshima: mtoto wetu fulani ana maradhi, hiki na hiki kinaweza kumwua, tafadhali msimpe kitu mkononi, leteni kwetu tutapokea kwa furaha. Watu wanaelewa neno "maradhi" kuliko "hali hiki". Mtoto anayeambiwa tu kwamba hali njugu huonekana amedekezwa.

Sahani za majirani zipokee zote, ushukuru, uziweke juu. Na kwa kuwa sahani hairudi tupu, itumie desturi hiyo: irudishe na kile ambacho mtoto wako anaweza kula, kaimati ulizopika mwenyewe, au mbaazi. Jirani mmoja wa ghorofa ya chini alipoonja kaimati zetu akataka kujua nimetumia nini, na Ramadhani iliyofuata akapika zake vilevile kwenye mafuta mapya, akaleta na orodha ya viungo imebandikwa kwenye kawa. Nililia pale mlangoni. Mtoto alikula futari ya jirani kama wenzake.

Harusini, mlishe kabla ya kutoka nyumbani. Mchuzi wa biriani unaweza kuwa na korosho zilizosagwa au mtindi, na aliyekaa nawe mezani hajui. Anayejua ni mpishi, mfuate nyuma ya turubai umwulize. Siku ya Idd watoto wanapita nyumba kwa nyumba na mifuko inajaa. Weka mapatano: kila alichopewa kinakuja nyumbani kizima, na wewe unakinunua kwa pesa ya bembea. Krismasi na sherehe za kanisani mpango ni uleule.

Hatua ya 8: Shule na chuo

Usimalizie kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu atakubali kila neno, lakini saa nne anayekuwa na mtoto ni mwalimu wa darasa, mpishi, na yule mama wa kibanda cha getini anayeuza achari, mabuyu na njugu za kukaanga. Nenda kwa wote, kila mmoja peke yake. Mama wa kibanda mwonyeshe picha ya mtoto.

Mwombe mwalimu kanuni moja kwa darasa zima: hakuna kubadilishana chakula. Iwe ya wote, mtoto wako asitengwe meza ya peke yake kama mwenye kosa. Kimfuko cha dawa kikae mahali pasipofungwa kwa kufuli, na watu wazima wasiopungua wawili wajue kukitumia. Kila muhula ukifunguliwa, rudi uwafundishe tena, walimu huhamishwa.

Chuoni ndiko kunakosahaulika. Pakiwa na khitma au maulidi kunagawiwa tende, halua, mkate wa mayai, na ustadhi anagawa kwa nia njema kabisa. Zungumza naye kabla ya darasa, umwachie ule ukurasa mmoja. Neno la ustadhi kwa watoto lina uzito: akisema "mwenzenu asipewe kitu cha kula, ni amana yenu", watoto wenyewe watalinda.

Hatua ya 9: Mfundishe mtoto mwenyewe

Tangu miaka mitatu anaweza kusema "Sili mpaka nimwulize mama." Akiwa na sita ajue majina ya vyakula vyake na sura zake, mbichi na vilivyopikwa. Akiwa na kumi abebe kimfuko mwenyewe. Mfundishe pia kusema mapema, kwa maneno yake: koo linanikwaruza, ulimi unawasha, najihisi vibaya. Watoto wengi hujificha chooni wakianza kuumwa kwa sababu wanaona haya au wanaogopa kugombezwa, na huko hakuna wa kuwaona. Mwambie waziwazi kwamba hata akiwa amekula kwa kuiba, aje mbio aseme, hatagombezwa. Kisha siku ikitokea, usimgombeze.

Hatua ya 10: Mdogo wake, na kupima upya

Mzazi aliyechomwa na aleji ya wa kwanza humnyima wa pili mayai na njugu mpaka awe mkubwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 na kundi la Profesa Gideon Lack wa London, kwa watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari kubwa, ulionyesha kwamba waliolishwa njugu tangu uchanga walipungukiwa sana na aleji ya njugu kuliko walionyimwa. Tangu hapo ushauri umegeuka. Mdogo wake akifika umri wa kuanza kula, mpeleke kwa daktari mpange namna ya kumwanzishia, njugu ikiwa laini ndani ya uji, kamwe isiwe punje nzima inayoweza kumkaba.

Kwa mkubwa, rudi kwa daktari kila mwaka. Aleji ya maziwa, mayai, ngano na soya watoto wengi huiacha wakikua. Ya njugu huacha karibu mmoja kati ya watano. Ya samaki na kamba hudumu kwa wengi. Daktari akiona vipimo vimeshuka atapanga siku ya kumlisha hospitalini. Siku hiyo mtoto asiwe na kikohozi wala homa, setirizini iwe imesimamishwa siku alizosema daktari, na chakula kinachojaribiwa ukipike mwenyewe nyumbani bila kuchanganya na kingine. Beba na mchezo wake, kwa sababu mtakaa kutwa nzima, na kimfuko cha dawa nenda nacho hata kama mko hospitali.